Macho Makavu

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Wifi Mwanakheir kaja tena kutoka Bwejuu. Hodi hakupiga. Kakaa ukumbini na wanawake waliokuja kunipa pole ya mume wangu Ubwa, kaanza: kaka yake kazikwa juzi tu, na mjane wake, kizuka mzima, macho makavu! Kasema kwa sauti, makusudi nisikie. Nikasikia. Nikaendelea kumlisha mama mkwe uji wake.

Macho makavu ndiyo nini? Yeye akimlilia kaka yake, jicho moja liko kwenye sinia ya biriani.

Jumatano, 6 Novemba

Eda au si eda, kazi ya chuo inanifuata nyumbani. Sumaiya, mwanafunzi wangu wa saikolojia, kaleta tasnifu yake. Shikamoo, marahaba, kakaa. Mada: wajane wakiwa edani wanaona nini moyoni. Moyoni! Kawauliza wenyewe, kaandika walivyosema, ati huo utafiti.

Nimemrudishia. Nimemwambia ninalowaambia wote tangu nianze kusomesha: nataka tabia. Analala? Anakula? Anainuka kitandani? Kinachoonekana, watu wawili watakitazama na kukubaliana. Cha moyoni nani atakipima? Mgonjwa haulizwi uji.

Kaniuliza kwa adabu, je, Mwalimu, anayekutazama wewe sasa ataandika nini?

Fedhuli mkubwa! Nimemwambia aende kwao. Na adabu yake ile ndiyo iliyozidi kuniudhi.

Ijumaa, 8 Novemba

Mwanakheir katangaza: Jumapili anamchukua mama yao akakae naye Bwejuu. Hataki mama aishi na mtu asiye na uchungu. Kha!

Mimi ndiye niliyekaa na mama huyu tangu miguu ilipomgomea. Namkosha, namgeuza, namsuka. Mwanakheir alikuwa wapi? Na anajua siwezi kumfuata, kizuka halali nje ya nyumba yake. Ndiyo maana kachagua sasa, mwenye roho ya kwa nini! Eda ikimalizika mama keshazoea huko, nitaambiwa mwache, usimsumbue.

Mtoto hatukujaaliwa, mimi na Ubwa. Mama akiondoka, humu ndani nabaki na nani?

Jumapili, 10 Novemba

Gari linasubiri barabarani, vichochoroni humu halipiti. Mwanakheir kaja na kiti cha magurudumu. Mama kakataa kuinuliwa. Kaniita. Naam, nikaenda. Kanishika mkono.

"Mwanangu, unaonaje moyoni mwako?"

Nikaanza: mama, nilimuuguza mwanao, nilikesha naye, nimemfumba macho kwa mkono wangu huu. Kanikatiza.

"Hayo nimeyaona mwenyewe. Nataka nisichokiona."

Mwanakheir mlangoni kasema mnaona, hana kitu huyo. Mama kamwambia afunge mdomo. Halafu kaniambia: nikimpa neno moja la kweli, haondoki. Nikiwa sina, anakwenda na binti yake.

Neno moja tu! Mimi, ninayesimama mbele ya darasa kutwa! Lau ningelia, Mwanakheir angetosheka. Mama hataki machozi. Na wala hayatoki. Nikasema nafuata dawa zake.

Niko chumbani, mlango nimeutia komeo. Nnaandika nipate la kumwambia.

Mama, naona uchungu — la, hilo analisema kila anayeingia na kutoka.

Mama, kifuani kuna — nini? Sijui. Sikuwahi kutazama.

Mama, nna hasira na mwanao. Kaniacha. Alijua anaumwa akanificha, mpaka kitanda kilipomshika. Hata kuniaga hakuniaga. Nikiona kanzu yake ukutani natamani kuichana.

Ewe! Hili ndilo. Hili kweli tupu. Lakini mama gani utamwambia maneno hayo, na mwanawe yumo kaburini? La kupamba ninalo, jamani. Naweza kusema moyo umepasuka, usiku silali kwa kumkumbuka. Zuri, na Mwanakheir mwenyewe atanyamaza.

Anagonga. Anasema dereva hatasubiri kutwa. Namsikia mama anamjibu, taratibu:

"Mngoje. Akija na neno la kupamba, twende zetu."

Komeo nshalitoa. Nakwenda na la kanzu.