Wimbi la Mellen

Boito,
3 Machi 1974

Kwa binti yangu Bitutu,

Pokea salamu zetu. Mimi sijambo, mama yako hajambo, na ng'ombe amezaa dume tena, sijui tumemkosea nini. Tunatumai masomo ya uuguzi yanaendelea.

Kuna jambo dogo tu. Juzi nikiwa kwenye mizani ya majani chai, moyo uliruka, ukatulia, ukaruka tena, nikajikuta nimekalia kikapu cha mtu. Wachumaji walicheka, wakidhani mimi nyapara wao nimechoka kuwapigia kelele. Miguu haivimbi tena tangu nipewe zile tembe za kukojoza kwenye dispensari, ila misuli inakaza ghafla hata nikisimama. Usiwe na wasiwasi. Chakula ni kizuri: unga mweupe wa dukani, mkate, chai ya maziwa. Wewe soma.

Baba yako,
Nyang'au

Nairobi,
12 Machi 1974

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na mama. Mimi ni mzima wa mwili, lakini unaniambia moyo unaruka halafu unaniambia nisiwe na wasiwasi.

Nilimsomea barua yako daktari anayetufundisha. Anasema tembe hizo hutoa maji mwilini pamoja na madini, mojawapo magnesiamu. Ikipungua, moyo hupoteza mpigo wake, na mishipa ya damu hukaza badala ya kulegea. Usiache tembe kwa uamuzi wako. Nenda hospitali ya wilaya wapime moyo na damu, tena wiki hii.

Chakula nacho ni hivi. Unga mweupe umekobolewa, na madini mengi yameondoka na makapi. Kula maharage na mboga za kienyeji, managu na chinsaga, na mama asimwage maji aliyochemshia. Zaidi ya yote, uji na ugali wa wimbi, yaani ulezi. Najua msimamo wako juu ya wimbi, Baba. Naomba hivyo hivyo.

Binti yako,
Bitutu

Boito,
2 Aprili 1974

Kwa binti yangu,

Barua ilifika. Mimi sijambo. Hospitali nitakwenda majani yakipungua, sasa hivi mizani hailali.

Lakini wimbi hapana. Unakumbuka mwenyewe. Miaka sita iliyopita sisi wazee tuliamua kanisani kwamba mwenye wimbi nyumbani anapika pombe, na ni mimi niliyesoma uamuzi. Mellen, mjane wa Omwenga, alikuwa ameanika wimbi mkekani. Alisema ni la uji wa mtoto. Nilimtoa kwenye ushirika mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo hukaa benchi la nyuma karibu na mlango, na haimbi.

Sasa nitamwambia nini yule mama? Kama ule ulikuwa uji, mimi nilikuwa nani pale mbele? Afadhali moyo uruke.

Baba yako,
Nyang'au

Nairobi,
10 Aprili 1974

Baba,

Salamu kwako na kwa mama. Nimesoma barua yako nikiwa na sare ya kazi, nikaingia stoo ya mashuka kulia.

Ulikuwa uji, Baba. Niliunywa. Tukitoka shule tulipita kwa Mellen, na sisi watoto wa wazee wa kanisa ndio tuliomaliza chungu. Siku uliposoma jina lake nilikuwa nimekaa benchi la tatu, nikanyamaza kwa sababu nilikuogopa. Nimenyamaza miaka sita.

Sisemi wimbi peke yake litakuponya. Ndiyo maana narudia hospitali, hospitali. Lakini sitaki kukuzika kwa ajili ya benchi la kanisa.

Binti yako,
Bitutu

Nairobi,
6 Mei 1974

Baba,

Hamjambo huko? Karibu wiki nne sasa sijapata neno. Majina ya wenye barua yakisomwa bwenini nasimama mlangoni, na langu halisomwi. Nimeomba ruhusa ya kuja, wameniambia ningoje mtihani uishe. Niandikie hata mstari mmoja. Na usiandike hujambo kama hujambo.

Bitutu

Boito,
14 Mei 1974

Kwa binti yangu Bitutu,

Salamu zako tumepokea. Sikuwa mzima. Barua yako ya Aprili ilinikuta asubuhi, na kabla ya saa sita nilianguka katikati ya michai. Nililazwa hospitali siku kumi na nane. Waliuchora moyo wangu kwenye karatasi, wakabadilisha tembe, wakanipa madini yale yale ya daktari wako kwa mpira wa dripu mkononi. Nilimkataza mama yako kukuandikia, na hapo pia nilikosea.

Nilipotoka nilikwenda kwa Mellen kwa miguu, nikipumzika mara tatu njiani. Nilimwambia, "Nilikosea. Na binti yangu alikunywa uji wako akanyamaza. Radhi yake ataiomba mwenyewe." Aliingia ndani, nikajua nimefukuzwa. Akatoka na bakuli. "Kunywa, mzee, kabla haujapoa." Nilikunywa nimesimama.

Sabato nilisimama kanisani nikawaambia watu wote kwamba nilimkosea Mellen, na kwamba nina debe la wimbi nyumbani. Wazee wenzangu wameniondoa kwenye uzee wa kanisa mpaka baraza likae. Moyo bado unaruka siku moja moja, na huwa naogopa sana.

Sasa nakaa benchi la nyuma. Wimbo wa kwanza Mellen alinyamaza kama kawaida yake. Wa pili aliimba. Sikujua kwamba ana sauti kubwa hivyo.

Baba yako,
Nyang'au