Lori Nimelitengeneza kwa Ajili Yake, Naye Anapanda la Rashid

Bi Tumu mpendwa, mshauri wetu,

Naomba msaada wako, na jina langu liandike lilivyo, sifichi, kwa maana barabara yote kutoka Ikutha mpaka Kitui wameshalijua jambo hili na wanalicheka, sasa gazeti litaniongezea aibu gani.

Mimi ni dereva, udereva nilijifunza vitani, nikaendesha malori ya jeshi huko Burma, na niliporudi sikukaa kungoja mtu aniajiri, niliuza ng'ombe nikanunua lori kuukuu la jeshi kwenye mnada, la tani moja na nusu, nikalifufua kwa mikono yangu, na tangu hapo nachukua mahindi, ngozi na abiria kutoka kwetu mpaka Kitui na hakuna aliyenishika mkono. Mke wangu ni Ndinda, na tuna binti, Muthoki, ambaye sasa anachunga mbuzi.

Mwaka jana Ndinda alikuwa mjamzito, mkunga wa kwetu akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali Kitui, nikampakia tukaondoka asubuhi, na tulipofika kwenye ule mto mkavu wa mchanga kabla ya Mutomo, katikati kabisa, springi ya nyuma ya kushoto ikakatika, ekseli ikarudi nyuma, gurudumu likauma bodi, tukakwama na jua la saa sita. Tukambeba mpaka ukingoni, upande wa kwetu, mtoto akazaliwa hapo hapo chini ya turubai, mvulana, akapumua kidogo akaacha. Nikamzika juu ya ukingo, nikapanga mawe ili fisi wasimfikie, na kwa kuwa kwetu mtoto asiyefikia siku ya kupewa jina hatajwi wala halii mtu kwa ajili yake, tulirudi nyumbani na maneno yakaishia hapo.

Basi nikueleze habari ya springi.

Iliyokatika ilikuwa na bamba nane, upana inchi mbili, na mimi nikaapa kwamba lori langu halitakatika springi tena mke wangu akiwa ndani. Springi mpya mtu kama mimi hapati, zinaagizwa Nairobi, unangoja mpaka unasahau uliagiza nini, kwa hiyo nilikwenda Kambu, kwenye barabara ya Mombasa, kwa Salim, yule anayenunua malori yaliyopinduka na kuyafungua kipande kipande, nikakuta mzoga wa lori la tani tatu lililotoka kiwanda kile kile kilichotengeneza langu, springi zake bamba kumi na moja, upana inchi mbili na nusu. Salim akaniambia, "Chukua springi peke yake, kaka, vishikizo tutachonga." Nikamwambia, "Tuchonge nini? Chuma cha inchi mbili na nusu kitaingiaje kwenye nyumba ya inchi mbili? Nipe springi, nipe vishikizo vyake, nipe na yubolti zake za kufungia, vyote vitoke kwa mzoga mmoja." Akacheka sana. "Wewe hukuja kununua springi, umekuja kuoa, unataka mpaka na wajomba!" Nikagonga bamba moja moja kwa nyundo nisikie kama kuna yenye ufa, mbili zikalia vibaya nikazikataa akanitolea nyingine. Fahali wangu wawili walikwenda kwa hivyo vyuma, na sijuti.

Leo lori langu limesimama inchi nne juu zaidi ya zamani, linavuka mchanga na tani mbili mgongoni kama mtu anayetembea sokoni. Lakini likiwa tupu linarusha, hilo silikatai, springi ya tani tatu bila mzigo ni kama ubao.

Sasa Ndinda ni mjamzito tena, mkunga anasema atajifungua mvua za Novemba zikiwa zimeshika, na safari hii hatutaki kubahatisha, tumekubaliana akakae kwa mama yake Matinyani, karibu na hospitali. Hapo tumekubaliana. Lakini lori langu hataki kulipanda. Mwanzoni alikuwa anapanda, tumekwenda naye kwa mama yake mara tatu, halafu akaacha, na sasa akitaka kwenda Kitui anangojea Rashid. Rashid ni mtu mwema, ni wa Kitui mjini, sina ugomvi naye, lakini Bi Tumu, ungeliona lori lake! Springi zimelala, bodi imefungwa kwa kamba, rejeta inavuja mpaka lazima asimame kila mto aipoze na kuiongeza maji, safari ya asubuhi kwake inafika alasiri. Na huko ndiko mke wangu anakopanda na tumbo lake, mbele ya watu. Juzi sokoni mama mmoja muuza maharage akanipigia kelele, "Musembi! Wewe unabeba mahindi, Rashid anambeba mama mwenye mahindi!" Soko zima likacheka. Hata Nzomo, tanboi wangu wa kupakia mizigo, mtu mzima mwenye wake wawili, aligeuza uso kando nikaona mabega yanatikisika.

Nikasema labda ni ule ugumu. Nikatoa bamba mbili kila upande zikabaki tisa. Nikapunguza upepo wa magurudumu. Nikafunga godoro la sufi kwenye kiti. Kisha nikajaza uji kwenye bakuli, vidole viwili chini ya ukingo wake, nikampa Nzomo aushike mapajani, nikaenda kwa lori mpaka kanisani na kurudi, nikamwita Ndinda aje aone.

"Mama Muthoki, tazama. Haukumwagika hata tone."

Akautazama ule uji. Akaniambia, "Basi peleka uji Kitui."

Akaingia ndani. Nzomo akaunywa.

Sasa mimi nielewe nini? Nimemwuliza, "Ni springi?" Anachukua ungo. "Ni kiti?" Anapepeta mahindi. Kusema kweli neno alilowahi kuniambia ndani ya lori ni moja tu, kwamba pale mtoni nisimame kidogo, na amelisema zile safari zote tatu, nami nikamweleza kama ninavyowaeleza abiria wote, gari halisimamishwi mchangani, ukipoteza mwendo unazama mpaka ekseli, na kwa kweli mimi pale huanza kukanyaga mafuta mapema, tangu juu kwenye mteremko, na sasa ni lazima zaidi kwa sababu mvua za Aprili zilikula ukingo wa upande wetu hatua nzima na njia ya kushukia imehama. Rashid anasimama pale, ndiyo, lakini anasimamishwa na rejeta, si kwa akili. Ameniambia mwenyewe, "Shemeji hushuka, hukaa kidogo pale juu, hupanda, tunaendelea," kana kwamba hiyo ni sifa ya gari.

Mama mkwe siwezi kumwuliza, unajua haya iliyopo kati ya mtu na mkwewe, mambo ya uzazi hayapiti hapo. Kaka yangu mkubwa ananiambia nimkataze, mke wa mwenye lori hapandi lori la mwingine. Mimi nakuuliza wewe: nirudishe springi za zamani, ambazo zilimwangusha? Au nimkataze? Nimefanya yote haya kwa ajili yake, hakuna hata bamba moja niliyoweka kwa ajili ya mahindi, na mvua haziko mbali.

Ni mimi,
Musembi Mbuvi, Ikutha

*

Ndugu yangu Musembi,

Pole. Pole hii ya kwanza si ya lori. Katika barua yako ndefu sikuona mtu yeyote aliyewahi kukupa pole, basi ipokee kutoka kwangu. Uliyepanga mawe yale ni wewe, na mikono ya baba haisahau kazi kama hiyo hata akiipa kazi nyingine usiku na mchana.

Nianze na chuma, kwa sababu najua hutanisikiliza mpaka nikujibu la chuma. Barua yako nimemsomea fundi mmoja wa hapa Kitui, mtu asiyetoa sifa ovyo. Amesema ulifanya vizuri kuchukua springi na vishikizo na yubolti kutoka mzoga mmoja, na ulifanya vizuri zaidi kuzigonga kwa nyundo, wengi hawagongi, wanakuja kulia baadaye. Springi za zamani usizirudishe. Hapo umeshinda. Lakini anakugombeza, na mimi namsaidia: umeweka springi za tani tatu, breki zako je? Chesisi, mifupa yenyewe ya lori, je? Hizo bado ni za tani moja na nusu, bwana, wala hazijapata habari kwamba umekwenda Kambu. Zile tani mbili unazojisifia acha leo. Na amesema, mwambie springi ngumu hulainishwa na mzigo kuliko godoro. Lori likiwa na uzito wake halali juu ya ekseli ya nyuma, litamchukua mama kama mtoto mgongoni.

Chuma kimekwisha. Sasa nisikilize.

Umepima inchi. Umehesabu bamba. Umempima mkeo kwa bakuli la uji, akakujibu jibu ambalo mimi nimecheka peke yangu hapa mezani, kisha nikaacha kucheka. Katika barua nzima mwanamke huyu amekuomba jambo moja, mara tatu: simama kidogo. Nawe umeliandika katikati ya habari za mteremko na mafuta, kama neno la abiria aliyesahau kikapu.

Gari halisimami mchangani, ni kweli. Nani amekuambia usimame mchangani? Mawe uliyapanga juu ya ukingo, umeandika mwenyewe, na juu ya ukingo ni udongo mgumu, ndiyo maana Rashid anasimama hapo na springi zake zilizolala. Mkeo hakumfuata Rashid. Amefuata rejeta inayovuja. Angekuwapo dereva mwenye punda anayesimama pale, Ndinda angepanda punda.

Na wewe, ndugu yangu, sidhani kwamba unaogopa kuzama. Mtu anayeanza kukanyaga mafuta tangu juu ya mteremko haogopi mchanga ulio chini. Ukisimama itabidi uzime injini, ukizima injini kutakuwa kimya, na katika kimya hicho hakuna bamba ya kuhesabu. Nakuelewa. Lakini yeye alikuwa amelala chini ya turubai siku ile, wewe ndiye uliyepanda na kupanga mawe. Yeye hakuyaona yakipangwa. Anataka kuyaona. Tena umeniambia kwamba mvua za Aprili zilikula ukingo hatua nzima. Wewe uliona njia imehama. Yeye aliona nini? Na mvua nyingine zinakuja, kubwa kuliko zile.

Kuhusu desturi ya kwenu, mimi ni Mwislamu wa mjini, si kazi yangu kuivunja. Kutotaja jina si sawa na kutosimama. Hakuna atakayetajwa. Mawe ya kuzuia maji na fisi hayahitaji jina.

Kaka yako mwambie ahsante, na ushauri wake autumie kwa mke wake mwenyewe, tuone. Ukimkataza Ndinda asipande la Rashid atatii, halafu Novemba atakaa nyumbani Ikutha na tumbo lake na mto umejaa, na hapo bamba zako zote kumi na moja, au tisa, hazitakusaidia.

Kwa hiyo fanya hivi, na usingoje mvua ya kwanza, ifanye wiki hii ukishasoma gazeti. Usimwulize tena habari ya kiti. Mwambie, "Mama Muthoki, nakupeleka kwa mama yako, na pale mtoni tutasimama." Maneno hayo tu, usiyaeleze. Akisema bado anataka lori la Rashid, mpe ruhusa kwa moyo mweupe, nawe umfuate nyuma na lako. Nadhani hatasema hivyo. Nzomo mwache nyumbani na bakuli lake.

Pale juu, kabla njia haijaanza kushuka, simamisha, funga breki, weka kabari chini ya gurudumu, zima injini. Shuka wewe kwanza. Mshike mkono, lori lako liko juu inchi nne zaidi siku hizi na yeye ni mzito. Mwonyeshe ulipoanzia kupanga. Kisha kaa, mpaka aseme twende. Ukitaka kulia, lia, uko na mkeo, hapo si sokoni.

Ukimfikisha Matinyani, msalimu mama mkwe kwa mbali kama inavyotakiwa, mwache mkeo hapo, karibu na hospitali, wala usimrudishe mpaka awe na mtoto mkononi.

Na usiondoke Ikutha na lori tupu. Umesema hukuweka bamba hata moja kwa ajili ya mahindi, basi siku hiyo usibebe mahindi. Pakia mawe, makubwa, yale ambayo maji hayayasogezi, tani moja na nusu wala usizidishe hata jiwe. Kwa uzito huo Ndinda hatarushwa mpaka mtoni. Hapo ukingoni yashushe, yapange mbele ya yale ya zamani, upande unaoliwa na maji, naye akuone ukipanga. Ukimaliza lori litakuwa tupu tena, na kutoka hapo mpaka Matinyani ni mbali. Chukua koleo na magunia, upandishe mchanga wa mtoni ulipe lori uzito ule ule, kisha mvuke mto.

Bi Tumu