Kabla Hujaomba Kusomea Biashara ya Kilimo

Morogoro

Mdogo wangu Yusta,

Barua yako ilikwama Biharamulo kwa uhaba wa mabasi, lakini imefika. Mimi ni mzima wa mwili. Wapelekee baba na mama shikamoo zangu. Kifua cha baba kimepata nafuu? Na kaka yetu Filbati, bado hajaandika kutoka vitani?

Unauliza anayesomea biashara ya kilimo atarajie nini, maana karibuni utasimama mbele ya kikao cha tawi la chama kuomba barua ya kuja chuo. Nakujibu nilivyoona.

Mwaka wa kwanza hutasikia habari ya biashara. Ni kemia, udongo, wadudu, na jembe kila asubuhi kwenye shamba la chuo. Mwaka wa pili ni hesabu, na hapo wengi hurudishwa makwao. Wanaosomea mifugo watakuita mchuuzi. Mwaka wa tatu utajifunza kupanga bei, kisha utakumbuka kwamba kahawa ya kwetu ina mnunuzi mmoja, na bei mnaisikia redioni. Mazoezi ya maghalani hatukufanya. Malori yamekwenda vitani, mazao yanaozea yalipo.

Mtihani mmoja ulitutaka tueleze nguvukazi ya shamba tunalolijua. Nikaandika migomba yetu ya Mugoma: baba anakamua pombe ya ndizi, majirani wanakuja kulima, jioni wanakunywa. Mwalimu akasoma jibu langu mbele ya darasa.

"Ndugu, hili ni shamba au kilabu?"

Walicheka, nami nikacheka. Sikufeli. Lakini usiku ule niliisoma tena barua yako ya kabla ya hii, nikaona mambo yalivyo. Filbati hayupo, baba hana tena pumzi ya kukanyaga ndizi za pombe, na kwetu mwanamke hakamui, hata wewe. Pasipo pombe hakuna jirani anayekuja na jembe. Unasema majani yamefika kiunoni na migomba inaanguka na mikungu yake michanga. Unga wa duka la kijiji hautoshi, na mama anajifanya ameshiba ili baba ale.

Nilimwandikia baba mdogo aje akamue. Amejibu kwamba ataingia shambani siku atakapokabidhiwa liwe lake.

Nikamwendea mkuu wa kitivo kuomba ruhusa ya msimu mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Anayetoka sasa harudi," alisema, bila ubaya. "Wanaongoja nafasi yako ni wengi."

Mitihani ya mwisho bado iko mbali, na migomba haitaningoja. Nimetafuta njia nyingine, Yusta. Nimewauliza wenzangu, nimemuuliza padri wa hapa, nimekaa na karatasi kama mtu anayepiga hesabu. Sijaipata.

Wewe omba masomo haya. Ni magumu, na yatakukasirisha, lakini hesabu unaziweza kunizidi. Usiombe ualimu kwa kuogopa kuchekwa.

Nisalimie bibi mzaa mama, katekista aliyenifundisha kusoma, na mama Sesi jirani yetu. Mwambie jembe lake alinoe. Baba mdogo mwambie jibu lake nimelipata.

Kikaoni watakuuliza nani atabaki na wazee. Taja jina langu. Nguo nimeshafunga.

Ni mimi kaka yako,
Deusi