Kura za Msibani

Jumamosi, 18 Februari 2006. Mtaani kwetu, Bertrams. Joto la kukausha ulimi. Mawingu yamejaa na mvua haitaki kunyesha. Nami nimenuna kuliko mawingu.

Zimebaki siku kumi na moja. Mume wangu, Vusi, anagombea udiwani wa kata yetu bila chama. Kata hii haina mwenyewe. Safari iliyopita diwani aliyepo alipita kwa tofauti ya kura zisizojaza basi. Kila kura ni ya kupiganiwa, kwa hiyo kila mjinga amegeuka mfalme.

Wapangaji wa nyumba zilizo karibu na uwanja wa mpira wanaambiwa watahamishwa. Vusi ndiye mgombea pekee aliyeisoma mipango hiyo ukurasa kwa ukurasa. Nani anamuuliza? Wanachouliza ni kwa nini hacheki.

Diwani anacheka. Ndiyo sera yake. Miaka mitano simu yake ilikuwa imezimwa. Sasa anajua jina la kila bibi, anabeba watoto wenye makamasi, anacheza mbele ya spaza, vile viduka vya uani, akiwa na fulana iliyochapwa uso wake, kana kwamba mmoja hautoshi. Watu wanapiga makofi. Eti ni mtu wa watu.

Kupe naye ni wa ng'ombe.

Leo asubuhi tulimzika mume wa MaNdlovu, mama ambaye neno lake hufuatwa na jengo zima la wapangaji. Kaburini diwani alilia kwa sauti. Sijui alimlilia nani; jina la marehemu alilisoma kwenye karatasi ya ratiba. Nikamnong'oneza Vusi tuondoke, kwamba kwetu Tanga mtu akishazikwa waungwana huagana palepale makaburini, wakawaacha wafiwa wapumue.

"Mama Zodwa, huku hatufanyi hivyo."

"Unataka kura au heshima?"

Akawasha gari.

Huku kwa Wazulu ukitoka makaburini unarudi nyumbani kwa marehemu, unanawa mikono langoni, unakula walichopika. Usiponawa, unakwenda na mauti kwako. Usipokula, umewaambia wafiwa chakula chao hakikufai. Nimeishi hapa miaka kumi na miwili. Nilijua. Nikaamua ustaarabu wangu ni bora kuliko wao.

Saa kumi alikuja Mama Furaha, jirani yetu Mkongo anayesuka nywele. Yeye hapigi kura, ila hakuna msiba unaompita.

"Mama Zodwa, bwana yako alikimbia chakula ya bantu ba msiba. Banasema anajiona muzungu."

"Nani anasema?"

"Bote! Na ule diwani wenu alisimama ku mulango na ndoo, anamwangia bantu maji ku mikono. Hata mie aliniosha. Dada, mwizi iko na adabu!"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka.

Miaka yote nimeandika humu daftarini kwamba wapiga kura hununuliwa kwa vifurushi vya unga. Ni maelezo mepesi, na yananipendeza kwa sababu yananiacha mimi nikiwa na akili peke yangu. MaNdlovu hakuomba unga. Alitaka watu wafike langoni kwake siku aliyomzika mumewe. Tapeli alifika. Msomi wangu alikuwa nyumbani anakunywa chai, kwa amri yangu.

Bado namdharau diwani yule. Angemmwagia maji hata mamba, kama mamba ana kitambulisho cha kupigia kura. Lakini leo yeye ni wa pili kwenye orodha ya ninaowadharau.

Vusi hajanilaumu. Amefunga mafaili yake ya zile nyumba na kuyarudisha kabatini. Afadhali angenitukana. Akishindwa, wapangaji wale watatolewa vitanda nje bila kujua ni nani aliyewapotezea mtetezi.

Kesho baada ya ibada nitakwenda kwa MaNdlovu peke yangu, bila kipeperushi hata kimoja, nimwambie kwa Kizulu changu kibovu kwamba aliyemwondoa Vusi makaburini ni mimi. Nitakula nitakachopewa. Akinisema, nitasikiliza. Uchaguzi sitautaja.

Hivi mimi, na mdomo huu, nitaweza kukaa kimya nyumbani kwa mtu hata dakika tano?