Wimbo wa Geti Mbele ya Daktari

Wanja dadangu,

Baridi ya Meru asubuhi hii imenikumbusha joto la jiko la Mama. Kile kinyama kilichoota kwenye nyuzi zangu za sauti kimechomwa kwa leza nikiwa macho kabisa, nimeketi kitini, koo limetiwa ganzi, kamera nyembamba imepitishwa puani. Kulinuka kama kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa manyoya Krismasi.

Daktari aliniambia nivute “iii” bila kukata. Kwa woga nikajikuta nimeingia kwenye ule wimbo Mama alioanzisha kila harusi, wa upande wa bwana harusi kuomba kufunguliwa geti nyumbani kwa kina bibi harusi. Nesi nyuma yangu akaitikia kama wale wa ndani: “Mnamtaka nani?”

Daktari akasimamisha mashine, akanikemea. “Mama, ‘iii’ peke yake! Na wewe sista, wacha kufunga geti!”

Lakini Wanja, baada ya sauti yangu kukwaruza muda huu wote, nilisikia sauti ya Mama ikinitoka.

Sasa nimekatazwa kuongea, hata kunong'ona, ndiyo maana nimenunua kadi hii hapa Makutano badala ya kukupigia. Nikifika Manyatta nitasimama getini kwako kimya. Safari hii nifungulie bila kuimbiwa.

Akupendaye,
Muthoni