Ramani Iliyokula Hotuba

Jumapili, 9 Juni

Siku ya nane ya ndoa na tumefika ugenini! Mume wangu kalala mdomo wazi na hata hivyo ni mzuri. Nimemtazama mpaka nikajionea aibu. Fungate yetu — chumba kimoja, vitanda viwili, pazia katikati. Upande wa pili wa pazia, mama mkwe.

Fungate ya watu watatu siyo niliyoiota nikiwa kidato cha nne. Lakini jicho la mama mkwe la kushoto limebaki wingu tupu, la kulia nalo limeanza, na daktari wa huku amempa miadi ya Alhamisi, saa tatu asubuhi. Ukiikosa unaanza foleni upya, miezi sita. Jumamosi tunarudi nyumbani. Kwa hiyo ni Alhamisi au basi.

Laini zetu hazishiki huku. Ila nina kisimu changu cha mtumba, kioo kimepasuka pembeni, na ndani nimepakua ramani ya mji mzima. Haihitaji intaneti. Ile nukta ya bluu ndiyo sisi. Mume wangu kaniita rubani wake. Nimeyeyuka.

Jumatatu, 10 Juni

Mama mkwe hataki kusikia habari za ramani. Tulikuwa tunatafuta duka la dawa, nikasimama kungoja nukta isogee — kisimu kinachukua dakika nzima kujua kilipo. Akasema, "Mwanangu, umeoa mlinzi? Kila kona anasimama."

Mume wangu alicheka. Kidogo tu, lakini alicheka.

Mama mkwe huuliza watu. Lugha hawaelewani, anauliza hivyo hivyo kwa mikono, na wanamwonyesha. Miaka thelathini ameuza vitambaa mlango kwa mlango, anaamini hakuna mtaa unaomshinda mtu mwenye mdomo. Nilimwacha aende njia yake na mume wangu, mimi yangu. Nilimkuta mlangoni pa duka, mfuko wa dawa mkononi. "Karibu, bibi ramani. Habari za safari?"

Mezani mume wangu alinishika mkono kwa chini, kidole kwa kidole. Nimewasamehe wote wawili. Yeye zaidi.

Jumanne, 11 Juni

Siku mbaya. Tulikwenda kuijaribu njia ya kliniki. Niliandika jina, ramani ikalipata, tukatembea dakika arobaini juani. Tulipofika — duka la magodoro. Mwenye duka kasema kwa Kiingereza cha kubahatisha kwamba kliniki ilihama mwaka juzi. Ramani yangu haina habari.

Mama mkwe akakaa juu ya godoro, akalipapasa. "Jicho limepona. Naona magodoro." Muuzaji hakuelewa hata neno, akacheka naye. Wote walicheka. Nilitamani godoro linimeze.

Nikaenda peke yangu mapokezi ya hoteli. Mhudumu akanionyesha kliniki ilipo sasa, nikapawekea alama nyekundu. Nimeipima njia mara tatu. Dakika kumi na mbili kwa miguu. Mama mkwe nilipomwambia akajibu kwamba hata asubuhi nilikuwa na uhakika.

Jumatano, 12 Juni

Yamelipuka.

Baada ya chai mama mkwe aliomba hotuba yake. Ile aliyoitoa harusini kwetu, dakika kumi na moja, akilia alipomtaja baba mkwe, marehemu. Picha haoni tena, hupenda kusikiliza sauti tu. Niliirekodi mimi kwa kisimu hiki.

Haimo. Siku tunafunga mizigo kisimu kilikuwa kimejaa, ramani ikagoma kuingia. Mume wangu ndiye aliyesema futa hiyo, ndiyo nzito, Mama hatajua, tutachukua nakala kwa mpiga video. Mpiga video hana. Wakati wa hotuba alikuwa anakula.

Nikasema, "Nimeifuta, Mama. Nilitaka nafasi ya ramani." Nikamtazama mume wangu aseme kipande chake. Alikuwa anakunja soksi.

Mama mkwe hakupaza sauti. "Umenifuta mimi, ukaweka barabara."

Nikangoja. Soksi jozi tatu, alizikunja zote.

"Kesho usiniongoze," mama mkwe akasema. "Nitauliza watu."

Nampenda. Naandika tena ili nijisikie nikisema: nampenda. Lakini hizo soksi!

Alhamisi, 13 Juni

Saa tatu kasorobo. Chumba cha kungojea, kliniki. Naandika nikiwangoja.

Tulitoka pamoja. Kwenye njia panda yenye taa, nukta ilionyesha kushoto. Mama mkwe akamuuliza muuza magazeti, naye akanyoosha mkono kulia. Nikasema huyo anakuelekeza ilikokuwa zamani, kule kwenye magodoro. Akasema, "Afadhali magodoro yenye mtu wa kusema naye." Akaenda, anapapasa ukuta kwa kiganja.

Mume wangu alisimama katikati. Akanitazama, akamtazama. Nikamwambia, "Mwambie nani alisema ifutwe. Mwambie tu hilo, atageuka."

"Siyo sasa, mpenzi."

Akamfuata, mikono mfukoni.

Ningewafuata tungechelewa wote. Faili la jicho lilikuwa mkobani mwangu. Nikaja kushika namba. Kisimu hakikukosea hata hatua moja, na sikufurahi.

Namba yetu ni tisa. Muuguzi kasema mgonjwa asipokuwepo wanamruka, hakuna kubembelezana. Kuwapigia siwezi. Kutoka kuwatafuta siwezi, nitapoteza namba. Wameita sita.

Nimewashikia viti viwili, kulia kwangu na kushoto. Kimoja nimeweka faili la mama mkwe. Kingine mtandio wangu, ule alioninunulia mume wangu tukiwa wachumba, nikalala nao wiki nzima.

Saba. Chumba kimejaa. Mzee mwenye mkongojo ameniuliza kwa ishara kama viti vina watu. Nimeweka kiganja juu ya faili.

Mtandio nimeuondoa. Nimemwambia, kaa, baba.

Wameita nane.