Pesa za Macho ya Cucu

Kanja,
Embu.
17 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Winrose,

Hujambo, na wanafunzi wako wa Lodwar hawajambo? Tulisikia kwenye redio kwamba joto la huko limewashinda hata wenyeji, nikakufikiria ukifundisha hesabu mchana, chaki ikikuteleza mkononi. Hapa kwetu ni baridi ya Agosti. Ukungu hauondoki kwenye michai mpaka jua lipande sana, na Cucu, huyo mama yako, haivui ile sweta ya kijani uliyomletea Krismasi. Analala nayo.

Sote tu wazima. Tumefunga shule. Katika Kiswahili nilifanya vizuri, na katika hesabu nilijitahidi. Usinicheke.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yetu husikika nyumba nzima, na jambo hili ni gumu kusemwa watu wakisikiliza. Naomba uisome barua hii ukiwa umeketi.

Pesa ulizotuma benki mwezi wa Juni kwa ajili ya upasuaji wa macho ya Cucu hazipo. Zilifika, lakini hazikukaa. Tena si kweli kwamba daktari yuko likizoni. Nasikitika kwamba ulidanganywa, na nasikitika zaidi kwamba aliyekuambia hivyo ni Baba, kaka yako.

Mwaka jana nilipoitwa shule ya bweni, Baba alikopa kwa kampuni moja ya mikopo mjini Embu. Hakutaka kukuomba tena, kwa kuwa wewe ndiwe uliyejenga jikoni na kununua tangi la maji. Alitia sahihi karatasi ya kuiruhusu kampuni ijikatie pesa katika akaunti yake kila malipo ya chai yanapoingia. Cucu akawa mdhamini. Aliweka kidole gumba, na nambari ya akaunti yake ikaandikwa chini ya ile ya Baba. Nadhani hakuna aliyeikumbuka tena nambari hiyo.

Basi ikawa Baba akifika benki anakuta wamekwisha kuchukua, pamoja na riba na faini. Mwezi wa Aprili, nikiwa nyumbani kwa likizo, alirudi bila hata pesa ya sukari. Siku hiyo tulipeleka majani ya chai kituoni kupimwa, na Naftaly, yule uliyesoma naye, akamtania mbele ya watu wote waliokuwa wakingoja mizani.

"Runji, wewe siku hizi unachumia watu wa Embu! Funga hiyo akaunti tuone watakata nini. Watakata hewa?"

Watu walicheka sana. Baba pia alicheka, lakini wiki iliyofuata alikwenda akaifunga. Alirudi na mkate, akaikata kadi ya benki vipande vipande kwa makasi ya Mama, na mdogo wangu Lennox akavifanya pesa za kuchezea duka. Tulikuwa na furaha siku ile. Ninapoikumbuka sasa naona vibaya.

Unajua watu wa huku wanavyofanya deni likiwafuata. Hupeleka majani kwa nambari ya mkulima mwingine wa nyumbani. Baba naye akaanza kupimisha kwa nambari ya Cucu, ili malipo yaingie katika akaunti ya Cucu. Ndiyo hiyo hiyo unayotumia wewe, uliyoichagua ili pesa za macho zikae mbali na matumizi ya nyumbani.

Nilikuwa nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula pesa zako zilipoingia. Mimi ndiye humsomea Cucu simu. Aliniomba niusome ujumbe mara mbili, kisha akaimba wimbo wa kanisani mpaka Mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Kesho yake ukaja ujumbe mwingine. Kampuni ilikuwa imechukua karibu zote.

"Soma tena, pengine umeruka mstari," Cucu akasema.

Nikasoma tena. Hakulia. Alisema tu, "Niitie Runji."

Tulikwenda benki sisi watatu, Cucu akinishika bega. Karani mmoja anayeitwa Beth alitupokea kwa heshima. Baba akamwambia kwamba akaunti aliifunga mwenyewe.

"Ni kweli uliifunga, mzee, lakini deni halikufungwa," Beth akasema. "Walipokosa kupata kwako, wakaenda kwa mdhamini."

"Huyu si mdhamini," Baba akasema. "Huyu ni mama yangu."

Beth aliinuka. Alimletea Cucu kiti.

Baadaye alitueleza jinsi ilivyopaswa kufanywa. Baba angeanza kwa kuwaandikia kampuni na benki kwamba anaiondoa ile ruhusa ya kukata, aulize deni lililobaki ni kiasi gani, wakubaliane atakavyolipa, ndipo afunge akaunti. Yeye alianza na la mwisho. Barua hizo sasa zimeandikwa. Mimi niliziandika, Baba akatia sahihi na Cucu akaweka kidole. Benki wamesema wamesimamisha kukata, ingawa uthibitisho wa maandishi bado hatujaupata. Zilizochukuliwa hazitarudi, kwa sababu deni lilikuwa la kweli. Lililobaki si kubwa. Baba amerudi kwa nambari yake, na hulipa mwenyewe katika ofisi ya kampuni na kupewa risiti.

Nami najua kwamba deni lenyewe lilikuwa godoro langu, sanduku langu na karo yangu. Nikiwa darasani hulifikiria jambo hilo, kisha hujilazimisha kusikiliza mwalimu.

Cucu bado anachuma chai. Anayapapasa majani kwa vidole, na ukiangalia kikapu chake huwezi kujua kwamba jicho la kushoto halioni kabisa. Lakini juzi alimsalimu Muthomi wa jirani akimwita Runji, akamuuliza mbona hajala. Muthomi, Mungu ambariki, aliitika akasema atakula.

Hospitali ya Meru wamesema jicho la kulia bado linaweza kusaidiwa lisipocheleweshwa kupita mwaka huu. Baba ameapa kwamba bonasi ya chai ya Oktoba ni ya macho. Mimi namwamini, Shangazi. Amepunguza hata kwenda kituoni mapema kuongea na watu. Anafika, anapima, anarudi.

Tafadhali usitume chochote katika akaunti ya Cucu mpaka nikuandikie kwamba barua ya benki imefika.

Baba anajua ninaandika. Amenipa nauli ya kuipeleka barua hii kwenye basi la vifurushi. Akaanza kusema, "Mwambie Winrose..." halafu akatoka kumkatia ng'ombe majani, na hakurudi kumalizia. Tangu Juni, simu ikilia na jina lako likatokea, anampa Mama.

Mama anakusalimu, na Lennox anauliza kama Lodwar kuna ngamia wa kupanda. Cucu anasema ule vizuri, na anataka kukuona Krismasi. Alisema kukuona, nami nimeliandika neno lake kama lilivyo. Mungu akulinde katika joto hilo na awape wanafunzi wako masikio ya kusikia.

Tangu nizaliwe wewe unaniita mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yako, nami sijawahi kulitumia jina hilo kukuagiza kitu. Leo nalitumia. Jumapili jioni piga simu, uombe kuongea na Runji, na umwache amalizie alichotaka kusema.

Akupendaye daima, mama yako mdogo,
Kanini